Uzoefu wangu: kubadilisha prosesa na RAM kwenye ThinkPad T430

Kwa laki tatu na nusu, Dar es Salaam hupati laptop mpya ya maana. Hata zile za Celeron (prosesa dhaifu za bei nafuu) zinazokaribia bei hiyo, nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, ukishaichoka ndiyo basi. Mimi nilichukua Lenovo ThinkPad T430, mtumba, toleo la mwaka 2012. Ilikuja na Core i3-3110M na RAM ya GB 4, kipande kimoja tu. SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) niliiweka mapema, na kama yako bado ina hard disk ya kuzunguka, anza na hapo kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Kazi yangu ni kutengeneza video za masomo ya hesabu kwa wanafunzi wa sekondari, nahariri kwa Shotcut. Kwa kuandika na kusoma barua pepe ile i3 haikuwa na neno. Ukifungua Shotcut na kivinjari chenye tabo kadhaa, mashine inaganda, mshale wa kipanya unatembea kwa kuruka. Kutoa (export) video fupi tu ilikuwa ikila karibu nusu saa.

RAM ndiyo niliyoanza nayo. T430 ina nafasi mbili, inapokea RAM ya aina ya DDR3, na kikomo chake ni GB 16. Nilinunua vipande viwili vya GB 8, vyote vya kasi ya MHz 1600. Viwe viwili, nasisitiza. Kipande kimoja kinapitisha data hadi GB 12.8 kwa sekunde, viwili vikifanya kazi pamoja vinafika 25.6, na kwenye mashine kama hii ambayo picha za kioo nazo zinatumia RAM hiyo hiyo, tofauti unaiona kwa macho. Kipande kimoja nilichouziwa kilikuwa kibovu. Mashine iliwaka vizuri kabisa, lakini Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikajaza mistari myekundu. Nilirudi dukani na picha ya kioo kwenye simu, wakanibadilishia bila maneno mengi. Ukinunua RAM ya mtumba, ipime siku hiyo hiyo, usingoje mafaili yako yaharibike ndipo ujue.

Kwa prosesa nilikwenda kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana mtulivu. Aliifungua, akaangalia, akaniambia, "Kaka, hii inatoka, haijachomelewa. Bahati yako." Si bahati sana, jina lenyewe linasema. Kwa prosesa za Intel za laptop za miaka ile, herufi za mwisho M au QM kwa kawaida ni za kuchomoa, zenye U zimechomelewa. Kuanzia kizazi cha tano, Intel haikutoa tena prosesa za laptop za kuchomoa, kwa hiyo mwenye laptop ya juzi juzi asipoteze nauli. Na kizazi kiangaliwe pia: T420, kaka yake wa 2011, kwa BIOS yake ya kiwandani (programu ndogo inayoiwasha mashine) haikubali prosesa za kizazi cha tatu kama za T430, ingawa soketi, yaani tundu la prosesa, inafanana.

Niliyoichagua ni Core i7-3632QM. Zipo i7 zenye nguvu zaidi za wati 45, lakini hii ina viini (cores) vinne kwa wati 35, sawasawa na ile i3 yenye viini viwili, na feni ya T430 inaimudu.

Kazi yenyewe niliitazama kwa karibu. Kibodi ikatoka, kisha sehemu ya kuegemeza viganja, kisha feni na bomba lake la shaba. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, akaifuta kwa spiriti mpaka shaba ikang'aa. Soketi ina skrubu moja ya kufungia. Ukiigeuza kwa bisibisi bapa, prosesa inalegea, unainyanyua bila kulazimisha. Mpya akailaza kwa kufuata alama ya pembetatu kwenye kona, akageuza skrubu, akapaka grisi mpya kidogo. Nilichompendea zaidi ni namna alivyofunga feni: skrubu hii kidogo, kisha ya upande wa pili, kwa zamu. Prosesa ya laptop haina kifuniko cha chuma, ukibana upande mmoja unaweza kuipasua.

Matokeo? RAM ndiyo iliyonipa raha ya kila siku. Mashine haigandi tena, Shotcut na kivinjari vinakaa pamoja. Prosesa naiona pale tu ninapotoa video: ile nusu saa sasa ni dakika kumi na kitu. Kama kazi yako ni Word, Excel na YouTube, weka RAM uishie hapo, hela ya prosesa nunulia betri. Gharama zangu zote, pamoja na fundi, hazikufika nusu ya bei ya laptop.

Joto limepanda. Wakati wa kutoa video inagonga nyuzijoto 85 hadi 90, kikomo cha prosesa hii ni 105, na feni inasikika hadi chumba cha pili. Betri nayo inaisha haraka kwenye kazi nzito, natumia chaja ya wati 90 wala si ile ya 65. Windows 11 haiitambui rasmi mashine ya umri huu, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida Oktoba 2025, hivyo nimeweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, na naifurahia.

Kinachonikera bado ni kioo, 1366 kwa 768, rangi zinafifia ukikitazama kwa pembeni. T430 iliuzwa pia na kioo cha 1600 kwa 900. Hicho ndicho ninachokitafuta sasa, mwenye kujua kinakopatikana kikiwa kizima aniambie.