Kikoi cha pamba katika joto la kaskazi: tathmini ya vazi la mwanamume

Kwa mwanamume anayeishi au kufanya kazi katika pwani yetu kati ya Desemba na Machi, sijaona vazi la kiunoni linaloshinda kikoi cha pamba kilichofumwa vizuri. Katika tathmini hii nitaeleza kwa nini nasema hivyo, ni kikoi cha aina gani kinachostahili sifa hiyo, na ni wapi kinapopungukiwa. Nilichokitumia kama kipimo ni kikoi cheupe chenye pindo la buluu na mistari myembamba ya njano, nilichokinunua katika duka moja la Biashara Street mjini Mombasa, mtaa unaojulikana na kila mnunuzi wa leso na vikoi. Nimekivaa nyumbani, sokoni, msikitini na chini ya kanzu, na katika msimu huo huo nikavaa pia saruni ya polista na suruali za kawaida za kazini, ili hukumu yangu isiwe ya mapenzi matupu.

Joto la Mombasa, Malindi au Unguja si kali likilinganishwa na la Maskati au Dubai. Mwezi wa Februari na Machi kipimajoto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi mchana, na usiku hakishuki sana chini ya 25. Kinachomchosha mtu ni unyevu. Hewa ya bahari huwa imekwisha kushiba mvuke, kwa hiyo jasho linalotoka mwilini halikauki upesi, na jasho lisilokauka halimpozi mtu, humlowesha tu. Katika hali hiyo wembamba wa nguo pekee hautoshi. Ni lazima hewa ipite kati ya nguo na ngozi, ichukue ule mvuke na kuutoa nje. Suruali, hata iwe nyepesi kiasi gani, hubana kiunoni, hushika mapaja na kuziba njia hiyo mahali hasa ambapo jasho ni jingi, ndiyo maana wanaume wengi hapa hurudi nyumbani jioni wakiwa wamechubuka mapajani au wametokwa na harara pale mshipi ulipopita. Kikoi kiko wazi chini, na kila hatua anayopiga mvaaji hukifanya kivute hewa na kuitoa kama mvukuto wa mhunzi. Nafuu hii huonekana zaidi mtu anapotembea, na huonekana zaidi kabisa katika zile saa za baada ya adhuhuri ambapo upepo umelala na hata kivuli hakisaidii.

Kitambaa chenyewe kina sehemu kubwa katika jambo hili. Pamba huweza kubeba unyevu wa takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake bila kuhisika kuwa imelowa, ilhali polista hubeba chini ya asilimia 1. Kikoi changu kimefumwa kwa ufumaji sahili, uzi mmoja wa mshindo ukipita juu na chini ya uzi mmoja wa mtande, na ukikinyanyua mbele ya dirisha unaona vitundu vidogo vya mwanga kote katikati, huku pindo likiwa zito na lililoshikana zaidi. Uzito huo wa pindo una kazi yake, kwa sababu ndio unaokivuta kikoi chini kikae sawa miguuni. Kilipokuwa kipya kilikuwa kikavu na kigumu kwa sababu ya wanga uliotiwa kiwandani, na mtu anayekipima kwa kukigusa dukani anaweza kukidhania kuwa ni kizito mno. Lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa kililainika, kikaanza kuufuata mwili, na tangu hapo kimeendelea kuwa bora. Kilirudi kidogo kwa urefu, kama pamba yoyote irudivyo. Buluu yake ilichuja katika maji ya kwanza, kwa hiyo namshauri mnunuzi akiroweke peke yake katika maji baridi, abadilishe maji hadi yatoke safi, kisha akianike kivulini, kwa kuwa jua letu hufifisha rangi haraka kuliko sabuni.

Wapo wanaoliona vazi hili kama sketi, na wapo vijana wanaosema wazi kwamba hawawezi kutoka nalo nje ya kizingiti cha nyumba. Wenye maoni hayo ningependa wakumbuke jinsi wazee wetu walivyovaa. Msafiri wa Kimoroko Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, mavazi aliyoletewa kama mgeni wa heshima yalikuwa pamoja na nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni mahali pa suruali, na alieleza kwamba mji huo ulifuma vitambaa vilivyosafirishwa hadi Misri. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vidude vingi vya kusokotea uzi vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu, ushahidi kwamba pamba ilisokotwa na kufumwa hapa hapa. Ufumaji huo ulidhoofika sana katika karne ya 19, shehena za merikani, yaani vitambaa vya pamba vya Kimarekani, kutoka Salem, Massachusetts, zilipojaa katika soko la Unguja. Na Mwislamu anayekwenda Makka kuhiji hujifunga izari, shuka isiyoshonwa, na kufanya ibada zake chini ya jua la Hijazi akiwa katika hali ya heshima kuliko zote alizowahi kuwa nazo maishani. Vazi linalofaa kwa ibada hiyo haliwezi kuwa aibu kwa mtu anayekwenda kununua samaki.

Bahari ya Hindi yote inalifahamu jambo hili. Wasomali wanavaa macawiis, Wayemeni futa, wanaume wa Oman hujifunga wizari chini ya dishdasha, watu wa Kerala wana mundu, Waburma wana longyi, na Waindonesia wana saruni ambayo imetufikia hata sisi. Ulaya, ambako suruali imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa vazi pekee la mwanamume kazini, joto la kiangazi limekuwa likiwasukuma watu upande huo huo kwa njia ya malalamiko. Mwaka 2013 madereva wa treni za Roslagsbanan huko Stockholm walivaa sketi kwa sababu kaptura zilikuwa zimekatazwa. Juni 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walifanya hivyo hivyo, na mwezi huo huo wavulana wa shule ya Isca Academy mjini Exeter, Uingereza, walikwenda darasani na sketi za sare za wasichana baada ya kukataliwa kaptura. Nawaheshimu watu hao, kwa sababu walichokuwa wakidai ni haki ya mwili kupumua. Kinachonisikitisha ni kwamba sisi, tulio na vazi la kiume lililokwisha kukamilika karne nyingi zilizopita, ndio tunaokaa katika ofisi za Moi Avenue mjini Mombasa na suruali za sufu na tai shingoni, tukilipia umeme wa viyoyozi ili tuweze kuzivumilia.

Saruni ya polista ndiyo mshindani mkubwa wa kikoi madukani, na sifa zake nazitaja kwa haki. Ni rahisi kupatikana, mara nyingi ni nafuu, rangi zake hazichuji, haihitaji pasi, na kwa kuwa imeshonwa duara mvaaji hana wasiwasi wa kufunguka mbele anapokaa au anapopanda ngazi. Katika miezi ya kusi, upepo unapokuwa baridi kiasi, sina neno nayo. Kaskazi ikiingia, hata hivyo, saruni hiyo hugandamana na miguu mara tu jasho linapoanza, hufunika joto ndani, na harufu hukaa ndani yake hata baada ya kufuliwa. Zipo saruni za pamba halisi, na hizo zinakaribia kikoi kwa ubora, lakini muuzaji ataita kila kitu pamba. Njia ya uhakika ni kuomba uzi mmoja kutoka kwenye tamvua na kuuchoma: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Muuzaji mwaminifu hakatai jaribio hilo. Katika duka moja nilikatazwa kuchomoa uzi, nikaondoka.

Kuhusu kanzu nitasema machache, kwa sababu haishindani na kikoi, vinakwenda pamoja. Kanzu nyeupe nyembamba bila kikoi ndani haina sitara mbele ya jua, na ikivaliwa juu ya suruali faida yake yote ya kupitisha hewa inapotea. Kikoi ndani ya kanzu hunyonya jasho kabla halijaifikia kanzu yenyewe, na huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwa siku ya Ijumaa au kwa harusi za mchana. Vikoi vilivyobandikwa kitambaa cha taulo upande mmoja, ambavyo huuzwa sana kwa watalii, ni vya kujifutia ufukweni na havifai kuvaliwa. Suruali zinazoshonwa kwa kitambaa cha kikoi ni afadhali kuliko jinzi, basi.

Kikoi kina upungufu wake, na mwenye kukinunua kwa matumizi ya nje aujue mapema. Hakina mfuko, na katika nchi ambayo pesa zetu zimo katika simu jambo hilo si dogo. Mvaaji atahitaji shati lenye mfuko wa kifuani wenye kifungo au mkoba mdogo wa begani. Kikoi cheupe huonyesha maumbo kikipigwa na jua kutoka nyuma, kwa hiyo bukta nyepesi ya pamba ndani ni ya lazima kwa ajili ya sitara. Kwenye bodaboda hakifai kabisa kikiwa kimefungwa kwa mtindo wa kawaida, na kupiga uwinda kama wafanyavyo wavuvi kunamfaa mtu wa jahazini kuliko anayekwenda kuonana na wateja. Kuhusu kufunguka, lawama nyingi zinatokana na ufungaji wa haraka. Mtu asimame miguu ikiwa imeachana kidogo ili apate nafasi ya hatua, avute upande mmoja hadi kwenye nyonga ya pili, aulaze upande wa pili juu yake kwa mkazo, kisha aviringishe ukingo wa juu kwa nje mara mbili au tatu huku tumbo likiwa limevutwa ndani. Kikifungwa hivyo hukaa tangu asubuhi hadi magharibi kwa mtu anayetembea na kukaa kama kawaida. Kwa anayebeba mizigo, mshipi mwembamba juu yake hauna ubaya.

Swali lililobaki ni la mahali pa kukivaa. Lamu mtu anakwenda nacho popote. Mombasa mitaa ya Mji wa Kale haikishangai, lakini ukivuka kwenda benki au ofisi ya serikali utaangaliwa. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku hata suti za Kaunda bungeni, mavazi ambayo ni suruali na koti tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kipimo hicho kikoi kina safari ndefu. Lakini Nairobi ina baridi ya mwinuko, na kanuni ya mavazi iliyofaa huko haikupaswa kuhamishiwa pwani bila kufikiriwa. Mwajiri wa Mombasa, Tanga au Unguja anayeruhusu kikoi cha rangi moja iliyokolea, chenye pindo jembamba, pamoja na shati safi lililopigwa pasi, hatapoteza heshima ya ofisi yake, na wafanyakazi wake watafanya kazi saa za mchana badala ya kujipepea kwa majalada. Ninaamini hivyo kwa moyo wote, na ningefurahi kuona duka moja likianza kuuza vikoi vya kazini vya namna hiyo, kwa kuwa vingi vinavyopatikana sasa vimepakwa rangi za kumvutia mgeni wa hoteli.

Bei niliyolipa ilikuwa chini ya shilingi elfu moja za Kenya, ambayo ni pungufu ya suruali yoyote mpya ya maana, na kitambaa hakijaonyesha dalili ya kuchakaa isipokuwa tamvua chache zilizosokotoka. Huduma ya duka ilikuwa ya adabu. Mzee aliyeniuzia alikikunjua kikoi chote bila kuombwa na kunionyesha pindo pande zote mbili. Lalamiko langu kwa wauzaji kwa jumla ni kwamba hawaandiki aina ya uzi wala vipimo. Vikoi vingi vina urefu wa kati ya sentimita 160 na 170 na upana wa karibu 110, ambao unamtosha mtu wa kimo cha wastani, lakini mtu mrefu ataachwa na nusu ya miundi nje, na mtu mnene hatapata mkunjo wa kutosha mbele. Mpaka vipimo vitakapoandikwa, mnunuzi akishike kikoi kiunoni papo hapo dukani, na kama pindo la chini haligusi kifundo cha mguu aombe kingine kabla ya kulipa.