Vilima vya Kalinzi kwa baiskeli: kukatika kwa mnyororo nimekusamehe, salamu sijakusamehe

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ziishe kwanza. Hazijaisha. Baada ya masika kukatika nilijiunga na safari ya kundi ya kampuni moja, baiskeli na mahema, kutoka Ujiji kwenda Manyovu, mkoani Kigoma. Tulikuwa watu tisa na kiongozi wetu, na gari la mizigo. Bei na ratiba mtaziona kwenye matangazo yao. Mimi nina siku moja tu ya kuzungumzia, ile ya vilima.

Asubuhi ilikuwa nzuri, hilo nalikiri. Tulianzia Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, na kiongozi akatusimulia jinsi Stanley alivyofika mwaka 1871, watu walivyojaa, alivyovua kofia na kumsalimia Livingstone, mzee mgonjwa. Kijana anajua kusimulia. Aliirudia ile salamu mara mbili, na sote tukapiga makofi. Naomba mlikumbuke hilo.

Mwandiga tukashika barabara ya Manyovu. Wanaoijua wanajua: lami safi, lakini haina huruma. Michikichi inabaki chini, inaanza migomba, hewa inapoa, na ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Tanganyika limelala. Vijana walikuwa wanateremka na mikungu ya ndizi mitatu mitatu kwenye kerieri, breki yao ni soli ya kandambili waliyoikandamiza kwenye tairi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye baiskeli tangu utotoni.

Kabla ya kufika Kalinzi, katikati ya mlima, nikashusha gia. Nikasikia kaa! Mnyororo umekatika, na kile chuma cha nyuma kinachouhamisha kimeingia kwenye spoki na kupinda. Baiskeli ilikuwa yao, nimeikodi kwao. Asubuhi nilikuwa nimewaambia gia zinaruka, nikajibiwa, "Itakaa sawa ukishaendesha." Gari lenye vifaa lilikuwa limeshatangulia kwenda kusimika mahema. Wenzangu walikuwa mbele na simu haikushika mtandao.

Nikasukuma mpaka kwenye mparachichi mmoja mkubwa kando ya barabara. Chini yake alikuwepo mzee, fundi baiskeli, na nyundo yake, koleo, kopo la gundi na tyubu kuukuu za kukatia viraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima. Kaa kwanza."

Kwa Waha, wenyeji wa huko, salamu haiishi kwa neno moja. Mzee aligonganisha viganja taratibu, akaniuliza nimetoka wapi, nyumbani hawajambo, watoto wanasoma, mvua huko kwetu ilinyeshaje. Mimi nilikuwa na jasho na haraka, lakini kadiri alivyouliza ndivyo kifua changu kilivyotulia. Ndipo akaishika baiskeli.

Hakuwa na kifaa cha kukatia mnyororo. Aliulaza juu ya jiwe lenye tundu, akasimamisha msumari butu juu ya pini, akaugonga mara tatu, polepole, akainama kutazama, akagonga tena. Hakuitoa pini yote. Aliiacha imening'inia kwenye bamba la nje ili aweze kuirudisha. Akapunguza vipande, akakifungua kile chuma kilichopinda na kunikabidhi nikitie kwenye begi, kisha akaupitisha mnyororo kwenye gurudumu moja la meno, lile la katikati. "Gia utabaki nayo moja," akaniambia. "Penye mlima utashuka usukume. Tambarare utapanda."

Alikuwa anafuta oili chafu kwa kitambaa kiongozi alipotokea, amegeuza njia kunitafuta. Hakushuka kwenye baiskeli. Hakuamkia. Mzee ana umri wa babu yake! Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nani kakuambia umpe mtu baiskeli ya kampuni aikatekate?" Kisha akamgeukia mzee: "Unajua bei ya mnyororo huu wewe?" Wewe. Halafu akachomoa sarafu ya 500 akaitupa, ikaangukia kwenye viraka.

Mzee hakuitazama. Akakaza nati ya mwisho, akazungusha gurudumu kwa kidole, akatega sikio. "Tayari mwanangu." Nilimpa nilichokuwa nacho, akakipokea kwa mikono miwili. Kisha akaiokota ile sarafu, akaifuta, akanipa mimi. "Mrudishie mwenzako. Ameangusha."

Nilisukuma mlima uliobaki huku nalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Sasa, nitoe alama gani? Nilikuwa nimeamua sifuri. Lakini mpishi wao alitupikia wali na samaki, migebuka ya mawese, usiku ule ambayo sijala mfano wake, na baridi ya Kalinzi ndani ya hema, majogoo yakikuchelewesha kulala kisha yakikuwahi kukuamsha, ni kitu nitakirudia. Wenzangu wawili waliposikia habari walisukuma pamoja nami kesho yake ingawa baiskeli zao zilikuwa nzima. Njia yenyewe inastahili kila senti. Basi niseme nyota tatu.

Hapana. Nimekumbuka jioni ile, nilipompa kiongozi sarafu yake pale motoni mbele ya watu. Alisema, "Acha hizo mama, ni mia tano tu." Mia tano tu! Nilimjibu, mdogo wangu, tangu asubuhi umetusimulia salamu ya mgeni mmoja wa miaka mia na zaidi iliyopita, na mzee wa hapa hapa umeshindwa kumwambia shikamoo. Akanyamaza. Ningeridhika kama angesema samahani. Alikwenda kuhesabu mahema. Nyota moja, na hiyo ni ya mpishi.

Siku chache baadaye mwenye kampuni alinipigia. Akaniomba radhi kwa ajili ya gia, akanipa punguzo la safari ijayo. Nilimwambia gia nilishazisamehe tangu pale pale kwenye jiwe, na punguzo silitaki. Ninachotaka ni yule kijana apande hadi kwenye ule mparachichi, ashuke kwenye baiskeli, aamkie, aulizwe habari za nyumbani na ajibu mpaka mzee amalize kuuliza. Akasema ataangalia. Wiki zimepita. Kila anayetoka njia ya Manyovu namuuliza kama kijana ameonekana pale, na mpaka leo hakuna aliyemwona.