Presha kuka ya umeme ya lita 6: inapika vizuri, lakini plagi yake haifai

Presha kuka hii ya umeme, yenye ujazo wa lita 6 na nguvu ya wati 1000, inapatikana katika maduka mengi ya vyombo vya nyumbani hapa Ngamiani, Tanga, kwa bei inayocheza kati ya shilingi 150,000 na 180,000 kutegemea umepatana vipi na mwenye duka. Jina la chapa halina uzito mkubwa, kwa kuwa nilionyeshwa maboksi yenye majina tofauti ambayo ndani yake mlikuwa na kifaa kilekile. Baada ya kuitumia kwa miezi kadhaa katika nyumba ya kupanga Makorora, maoni yangu ni kwamba kazi ya kupika inaifanya vizuri sana, ila waya na plagi vilivyowekwa ndani ya boksi havistahili kuuzwa pamoja na chombo kinachochemsha maji kwa umeme.

Kwanza upishi wenyewe. Tanga mjini tupo usawa wa bahari, hivyo maji katika sufuria ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo, hata ukiongeza moto kiasi gani. Moto wa ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu. Mfuniko wa presha kuka unapofungwa, mvuke hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda hadi karibu kilopaskali 70 juu ya lile la hewa ya nje, na katika hali hiyo maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 115. Nyuzi 15 zinaonekana chache, lakini mabadiliko yanayolainisha punje ya maharage huongezeka kasi takribani maradufu kwa kila nyuzi 10, na ndiyo maana maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa sehemu ndogo ya muda uliozoeleka. Ndugu zetu wa Lushoto watanufaika zaidi: kule juu, kwenye mita zipatazo 1,400, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na anayepika makande katika sufuria ya wazi anajua yanavyochelewa, ilhali presha kuka hii itampa nyuzi 112 au 113.

Upande wa matumizi ya umeme ndio ulionishawishi kuinunua. Watu wengi husikia wati 1000 wakaingiwa na hofu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, lakini wati ni kasi ya kula umeme, na uniti ni kasi hiyo mara muda: wati 1000 kwa saa moja ni uniti moja. Kupandisha lita 2 za maji kutoka nyuzi 27 hadi 115 kunahitaji takribani uniti 0.2; ukijumlisha maharage yenyewe, sufuria ya ndani na joto linalopotea, pamoja na yale mawasho mafupi ya kulinda shinikizo, pishi zima hubaki chini ya nusu uniti. Kwa bei ya sasa ya mteja wa kawaida, ambaye shilingi 10,000 humpa uniti 28 hivi, hiyo ni kama shilingi 150. Akiba kubwa inatokana na mvuke kubaki ndani, kwa sababu kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula zaidi ya uniti 0.6, na mtu anayechemsha maharage kwenye jiko la koili la umeme huku akiongeza maji kila mara analipia mvuke unaotokea dirishani. Aliye katika kundi la bei nafuu, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu kabla ya kuhamishia mapishi yote kwenye umeme, maana akivuka ukomo huo bei ya uniti hubadilika.

Chini ya sufuria ya ndani kuna sahani ya kupasha joto, na katikati yake kimejitokeza kitufe kidogo chenye springi ambacho ukikibonyeza kwa kidole hushuka na kurudi. Hicho ndicho kipima joto, nacho hufanya kazi pale tu kinapogusa kitako cha sufuria, kwa hiyo punje moja ya mchele iliyodondoka hapo inatosha kukipotosha. Shinikizo linapopanda, sufuria husukumwa chini kidogo, na msogeo huo mdogo hukata swichi iliyo chini ya sahani. Shinikizo likishuka, swichi huunga tena. Yote hayo yakishindwa, ipo fyuzi ya joto ambayo ikikatika haijirudishi na lazima fundi aweke nyingine. Juu kuna vali ya kutoa mvuke na kipini kinachozuia mfuniko kufunguka kukiwa bado na shinikizo. Mfaransa Denis Papin, aliyebuni chungu cha mvuke cha namna hii mwaka 1679, alitambua mapema kwamba chungu kisicho na vali ya usalama ni hatari kwa mpishi, na sehemu hiyo watengenezaji wa kifaa hiki hawakuibania.

Kitufe cha wali ni jambo jingine. Kimekusudiwa wali wa maji matupu, na anayekitumia kwa wali wa nazi atakuta tui limekatika, mafuta yanaelea juu na ukoko mweusi umeganda chini, kwa kuwa nyuzi 115 ni nyingi mno kwa protini zinazolishika tui lisitengane. Utaratibu unaofaa ni kupika wali au maharage kwa tui jepesi au maji, kutoa mvuke, kisha kumimina tui zito mfuniko ukiwa wazi na kuacha lichemke kidogo. Pweza huiva vizuri ajabu. Hata hivyo, mpira wa silikoni ulio kwenye mfuniko hunywa harufu, na pilau ya siku inayofuata itakukumbusha pweza huyo. Ninashauri ununue mpira wa pili mapema, mmoja wa vitoweo vya baharini na mwingine wa mapishi yaliyobaki.

Sasa nije kwenye waya. Kifaa kimekuja na plagi ya pini mbili za mviringo, ambayo sehemu yake ya ethi (njia ya usalama ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) ni vibati viwili vya ubavuni, wakati soketi zetu ni za matundu matatu bapa. Muuzaji hukupa adapta ndogo ya plastiki isiyogusa vile vibati kabisa, kwa hiyo waya wa ethi unaanzia kwenye bodi ya chuma na kuishia hewani. Wengine hawana hata adapta: huchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha hulazimisha zile pini mbili. Koili ya kupasha joto ikivuja, na katika hewa ya chumvi ya Tanga vitu kuvuja si ajabu, bodi itakuwa na umeme na njia rahisi ya umeme huo kwenda ardhini itakuwa mwili wa anayeinua mfuniko akiwa peku kwenye sakafu iliyolowa. Dawa yake ni ndogo: fundi umeme akate plagi hiyo na kufunga ya pini tatu, yenye fyuzi ya ampea 5, kwa kuwa wati 1000 kwenye volti 230 ni ampea 4.3 tu, halafu apime kama ethi ya soketi yenyewe ipo kweli, maana katika nyumba nyingi za zamani tundu lipo na waya haupo.

Ampea 4.3 si nyingi, lakini ekstensheni nyembamba za bei rahisi huona shida, hasa zinapobeba na friji na pasi kwa wakati mmoja. Joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne, na huanzia pale pini zilipolegea au zilipoota kutu. Ukigusa plagi baada ya pishi ukakuta ina moto, hiyo ni ishara ya kubadilisha soketi na si ya kuifunga kwa gundi ya utepe kama inavyofanyika.

Jioni, umeme unapokuwa mdogo, utaona tofauti nyingine. Mita ya fundi ilisoma volti 190 jikoni kwangu wakati mtaa mzima unapika, na kwa kuwa nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, wati 1000 hubaki 680 hivi. Kifaa kinachofikisha shinikizo kwa dakika 20 mchana hukaribia dakika 30 usiku. Chakula hakiharibiki, kwa sababu saa yake huanza kuhesabu baada ya shinikizo kufika, na uniti zinazoliwa hazipungui sana kwa kuwa muda umeongezeka. Umeme ukikatika kabisa, joto hukaa ndani muda mrefu na mara nyingi maharage huendelea kuiva yenyewe, ila kifaa husahau kilikuwa hatua gani na inabidi ukipangie upya.

Ningeinunua tena kwa bei hiyohiyo, nikiongeza gharama ya plagi, fyuzi na ujira wa fundi kabla haijapika hata chai. Kwa dukani, omba muuzaji aifungue mbele yako, geuza mfuniko uone mpira umekaa sawa pande zote, bonyeza kitufe cha katikati kuhakikisha kinarudi, na uandikiwe kwenye risiti nani atakayetoa mpira wa akiba, kwa sababu duka nililonunua mimi lilikuwa na presha kuka zimepangwa hadi dari lakini halikuwa na mpira hata mmoja wa kuuza.