Nimethibitishwa Kuwa Ni Hai: Uzoefu Wangu na Pensheni ya Uingereza Nikiwa Unguja

Sikukusudia kuandika tathmini hii, kwa sababu mtu wa umri wangu anayelalamikia fedha anazotumiwa kutoka Ulaya huonekana mkosefu wa shukrani, hasa mbele ya majirani waliolima, waliovua na waliobeba mizigo bandarini maisha yao yote bila ya kupata senti ya uzeeni kutoka kwa mwajiri yeyote. Lakini yaliyonifika miezi michache iliyopita yamenikaa kooni, na kila nikijaribu kuyameza yanarudi. Kwa hivyo nayaandika, na atakayeona nimezidisha hasira anisamehe, kwani sidhani kama nimezidisha.

Niliondoka hapa mwishoni mwa miaka ya sabini na nikarudi nilipochoka na baridi. Huko Uingereza nilikanda unga usiku katika kiwanda cha mikate, na baadaye, mgongo ulipokataa, nikaendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Michango ya Bima ya Taifa nililipa miaka 29, kwanza ikikatwa kwenye mshahara, kisha nikiipeleka mwenyewe. Kwa mfumo mpya ulioanza Aprili 2016, anayetaka pensheni kamili anatakiwa awe na miaka 35 ya michango, na aliye chini ya miaka 10 kwa kawaida haambulii kitu, kwa hivyo mimi nikawa mtu wa ishirini na tisa juu ya thelathini na tano, hesabu niliyoikubali kwa moyo safi. Kuomba kwenyewe hakukuwa na taabu. Nilijaza fomu, nikaituma, fedha zikaanza kuingia benki kila baada ya wiki nne, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwasifu Waingereza barazani mpaka wenzangu wakanichoka.

Kisha ikaja fomu ya uhai.

Wasioijua niwaeleze kwa ufupi. Mstaafu anayeishi nje ya Uingereza, mara moja moja, hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba bado anapumua, nayo hutakiwa isainiwe na shahidi anayekubalika, kisha irudishwe. Isiporudi, malipo husimamishwa. Sina ugomvi na sababu yake. Wapo watu waliokufa ambao pensheni zao ziliendelea kuliwa na watoto, na serikali yoyote yenye akili itataka kujua anayelipwa yuko juu ya ardhi au chini yake. Ugomvi wangu ni juu ya namna walivyotaka kulijua jambo hilo.

Barua yenyewe ilinifikia kwa kuchelewa, kwa kuwa sisi hapa hatuletewi barua mlangoni. Ninatumia sanduku la posta la duka la mpwa wangu, na mpwa wangu hulifungua sanduku hilo anapokumbuka. Hilo ni kosa letu, sikatai. Hata hivyo niliijaza fomu siku ile ile, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, mtaa wetu.

Kwa mtu wa Unguja hapakuwa na pa kwenda pengine. Sheha ndiye anayejua nani amezaliwa katika shehia, nani amehamia, nani ameoa mke wa pili kimya kimya na nani amefariki. Ukitaka kitambulisho utapita kwake, ukitaka kumwandikisha mtoto utapita kwake, na ukifa, barua ya kukuzika itapita kwake. Sheha wetu alivaa miwani, akaisoma fomu yote japokuwa Kiingereza chake ni cha kubahatisha, akanitazama kwa makini kana kwamba anaukagua uhai wangu kweli, akasaini, akapiga muhuri mara mbili ili usije ukafifia. Nikaituma kwa njia ya haraka, kwa gharama ambayo mke wangu bado hajaijua.

Zikapita wiki, halafu miezi. Siku niliyokwenda benki kutoa fedha za ada ya mjukuu, kijana wa dirishani akaniambia kwa upole kwamba hakuna kilichoingia tangu mara ile ya mwisho niliyotoa. Nikarudi nyumbani nikanunua vocha.

Kupiga simu huko kunahitaji mahesabu, kwa sababu wao wakifungua saa mbili asubuhi kwao, kwetu wakati wa baridi yao ni saa tano, na saa tano kila mstaafu duniani ameshashika simu. Vocha ya kwanza iliyeyuka yote kwa kusikiliza muziki. Ya pili ikanifikisha kwa kijana mmoja, ambaye jina lake silitaji na ofisi yake siitaji, aliyeniita kwa jina langu la kwanza, kavu, kama tuliocheza naye karata tangu utotoni. Nikamweleza. Akabofya bofya. Akasema fomu yangu wameipokea lakini hawawezi kuikubali, kwa kuwa shahidi wangu, Bi Sheha, hakuandika kazi anayofanya.

Nilinyamaza kidogo ili nihakikishe nimesikia vizuri. Nikamwambia kwamba sheha si jina la mwanamke, ni cheo, na kwamba aliyesaini ni mwanamume mwenye ndevu na watoto tisa. Akaniuliza cheo hicho kiko katika orodha? Nikamwambia anisomee orodha. Hakunisomea, ila akanipa maelekezo ya kuitafuta kwenye intaneti: mashahidi wanaokubaliwa ni wale wale wanaoruhusiwa kuthibitisha picha ya pasipoti ya Kiingereza. Baadaye nikaitafuta pamoja na mjukuu wangu, na naomba msomaji akae kitako kabla ya kuendelea. Yumo rubani wa ndege. Yumo mpiga picha wa kazi. Yumo mtengeneza miwani. Yumo mwenye leseni ya kuendesha baa, na mimi katika umri huu, na kofia yangu kichwani, sijui ningemwendea vipi mwenye baa kumwomba ushahidi wa uhai. Yumo hata mwenye biashara ya kuzika watu, ambaye nadhani ndiye shahidi bora kuliko wote, maana akisema hajakuzika bado, nani atabisha? Na yumo ofisa wa serikali za mitaa. Sasa sheha ni nani, kama si huyo?

Hayo nilimwambia kijana katika simu ya pili. Ya pili kwangu, namaanisha, kwa sababu kwake ilikuwa kama hatujawahi kuzungumza, ingawa sauti ilikuwa ile ile na ule ukavu ulikuwa ule ule. Nilimsihi nizungumze naye kuhusu malipo yangu yaliyosimama. Akajibu kwamba hawezi kujadili malipo ya mtu ambaye uhai wake haujathibitishwa.

Nikamwuliza: "Je, unayezungumza naye sasa ni nani?"

Akasema: "Hilo ndilo tunalosubiri kulithibitisha."

Nimefanya kazi na mabosi wabaya, nimetukanwa na abiria walevi saa nane za usiku, nimeitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuna neno lililoniumiza kama lile, kwa sababu halikuwa tusi hata kidogo. Lilisemwa kwa adabu, na mtu aliyekuwa akinywa kitu, maana nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Nilikata simu nikakaa ukumbini mpaka adhuhuri. Mke wangu aliponiuliza kulikoni nikamwambia nimekufa, naye, badala ya kunipa pole, akauliza kama marehemu atakula wali au ugali. Habari ikatoka nje kama zinavyotoka habari zote za mtaani kwetu, na kwa wiki mbili watoto wakawa wananisalimia "Shikamoo, Mzee Marehemu." Nami nikiwaitikia marahaba, ningefanyaje?

Siku ile ningetoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Lakini haki ya mtu isizuiwe. Fomu ya pili niliipeleka kwa mfamasia ninayenunua kwake dawa ya presha, kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, asiyejua hata jina la baba yangu, naye akasaini kwa sekunde tano huku akimhudumia mteja mwingine. Huyo akakubaliwa! Aliyenijua maisha yangu yote alikataliwa, na anayenijua kwa vidonge akakubaliwa. Hata hivyo nilipopiga simu kufuatilia, safari hii alipokea mama mmoja mtu mzima, na mambo yakabadilika kabisa. Aliniita Bwana, pamoja na jina la ukoo. Akaniomba radhi kabla sijamaliza kueleza. Akasoma kumbukumbu zote, akacheka pale penye Bi Sheha, cheko la kweli, si la kunicheka mimi, akaniahidi kwamba malimbikizo yote yatalipwa kwa mkupuo mmoja. Na yakalipwa! Baada ya siku chache tu fedha zilikuwa benki, hazikupungua hata pauni moja, na nilifurahi kiasi cha kumnunulia mke wangu doti mbili za kanga, na kuandika moyoni mwangu nyota nne, pengine tano, kwa ofisi yenye watu kama mama yule. Ningeishia hapo, tathmini hii ingekuwa ya shukrani.

Kilichoharibu ni swali nililolitupa mwishoni mwa mazungumzo yale, swali la kawaida tu, la mtu aliyefurahi. Nilimwuliza mbona kiwango changu ni kile kile tangu siku ya kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa upole ule ule kwamba Zanzibar haimo katika nchi ambazo pensheni huongezwa kila mwaka.

Nilikuwa nimesikia fununu, lakini sikuwahi kukaa na kalamu. Usiku ule nikakaa. Mwaka 2016 pensheni kamili ya mfumo mpya ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki, na Aprili 2025 ilipanda ikafika pauni 230.25, kwa kuwa huko kwa kawaida hupandishwa kila mwaka kufuata mishahara, au bei, au asilimia 2.5, yoyote iliyo kubwa. Sehemu yangu ya mwanzo ilikuwa kiasi cha pauni 129, na kiasi cha pauni 129 ndiyo inayoingia hadi leo. Ningekuwa nimebaki katika chumba changu chenye ukungu ukutani kule London, leo ningepokea zaidi ya 190.

Wala si kwamba kila aliyeondoka amegandishiwa. Aliyestaafu Hispania anaongezewa, aliyeko Marekani anaongezewa, na aliyeko Mauritius, kisiwa cha Bahari hii hii ya Hindi kinachopigwa na pepo hizi hizi, anaongezewa. Kwetu hapana. Kanada na Australia nako hapana, na sijui kwa nini hilo linanifariji, lakini linanifariji kidogo. Wanasema ni suala la mikataba baina ya nchi na nchi. Nina rafiki Mjamaika tuliyekanda naye unga kwenye meza moja, zamu moja, tukikatwa michango kutoka kwenye mashine moja ya mishahara. Yeye amerudi kwao Jamaika na kila Aprili anaongezewa. Alinitumia ujumbe wa sauti juzi kunieleza bei ya samaki huko, nami sikuweza kumjibu.

Wapo waliokwenda mahakamani kabla yangu. Bi Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, aliipeleka kesi hii mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg, na mwaka 2010 akashindwa, majaji 11 dhidi ya 6. Mahakama ilisema, kwa ufupi wangu mimi, kwamba michango ya Bima ya Taifa si akiba ya mtu binafsi, na kwamba anayeishi nje hawezi kujilinganisha na anayeishi ndani. Nimeisoma hoja hiyo mara tatu. Mara moja nilikaribia kuielewa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakupata kusafiri zaidi ya Pemba, anapokea Pensheni Jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanzishwa hapa Zanzibar Aprili ile ile ya 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, na sithubutu kuilinganisha na yangu mbele yake. Ila yake imeshapandishwa.

Basi nyota ngapi? Mama yule peke yake anastahili tano. Kijana wa kikombe namwachia Mola wake. Pensheni yenyewe, ukinikuta asubuhi baada ya chai, nitakwambia ni neema na inanilipia umeme, dawa na ada ya mjukuu. Ukinikuta jioni nimeshika kalamu, usiniulize. Nimeandika tatu, nikafuta, nikaandika mbili, na mbili hizo nazo sizitii saini.

Jambo lililobaki ni sheha. Tangu muhuri wake ukataliwe ananiitikia salamu kwa kichwa tu. Wiki iliyopita tulikutana mazikoni, nikamwendea kumwomba radhi kwa aibu isiyokuwa yangu, nikamweleza habari ya mfamasia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta vumbi kwenye kanzu yake, akasema: "Mzee, hao wakubali wamtakaye. Lakini siku ukifa kweli, barua itatoka kwangu, na hapo tutaona watamwita Bi nani."

Fomu nyingine, nimeambiwa na mpwa wangu, imo sandukuni. Bado hajaichukua.