Vilete vya Shaba Nyeusi kwa Mashua Ndogo ya Makasia

Vilete, yaani vishikio vya makasia, nilivyofunga kwenye mashua yangu ndogo ni vya pembe mbili zilizo wazi juu, vyenye mguu wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, unaoingia katika kikombe kilichokazwa kwa skrubu juu ya ukingo. Vimesubuliwa kwa shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba na bati, na hicho ndicho kinachostahili kulipiwa. Madukani vipo pia vya shaba ya njano, ving'aavyo zaidi na vyenye bei nafuu, lakini hiyo imechanganywa na zinki, na maji ya bahari huila zinki hiyo polepole hadi shaba igeuke rangi ya waridi na kuwa dhaifu, kisha kilete kivunjike kasia likiwa limebeba nguvu zote za mpigaji. Vya chuma kilichochovywa zinki vinafaa ziwani. Baharini, tabaka lile husuguliwa na kuisha mguu unapozunguka ndani ya kikombe, na kutu huanzia hapo hapo.

Vyangu havijalegea wala kupinda. Uvutaji wake ni mwepesi, mradi mguu upakwe grisi, kwa kuwa vikombe vyake havina bushi ya nailoni, yaani bomba jembamba la kuzuia msuguano, na shaba husaga shaba. Anayenunua vikombe kando apime kwanza, maana vya milimita 12 havipokei mguu huu kabisa. Vikazwe takriban sentimita 30 kutoka katikati ya kiti kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua, ili mikono ipate nafasi ya kumaliza mvuto.

Kasoro kubwa ni ule uwazi wa juu. Mawimbi yakichafuka, kasia huruka likatoka, na mvuvi akiliachia ghafla ili apokee mshipi, huteleza majini. Hapo kishwara, yaani kitanzi cha kushikia kasia, cha kamba ya kumbi bado kinavishinda vilete hivi, kwa sababu hulishika kasia likabaki ubavuni mwa chombo. Mwenye kuvua peke yake achukue vilete vya pete iliyofungwa, ingawa kasia litampasa kupenyezwa kabla kilete hakijatiwa kikombeni. Aina zote mbili zina kitundu mwishoni mwa mguu. Kipitishwe kamba na kufungwa kwenye mashua kabla ya kushua, kwani kilete kikichomoka huzama papo hapo.