MikroTik hEX: aliyekodi anwani bado yupo?

hEX ni ruta ndogo ya milango 5 ya gigabiti, haina Wi-Fi yake. Naitumia kwenye nyumba za wageni za Mji wa Kale, Mombasa, ikikodisha kwa muda anwani za mtandao (IP) kwa simu za wageni kupitia akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) zilizofungwa kila ghorofa. Naipendea jambo moja kubwa: inanionyesha nani yupo kweli na nani ameshaondoka.

Orodha ya DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani) ikiandika "bound", usiamini upesi kuwa simu ipo. Maana yake ni kwamba muda wa kukodi haujaisha, basi. Mgeni akipanda matatu ya Malindi, mara nyingi simu yake haiagi, na anwani hubaki imeshikwa. Simu iliyopo huomba upya muda ukifika nusu, kwa hiyo anza na last-seen (muda uliopita tangu simu ilipoonekana na DHCP mara ya mwisho):

/ip dhcp-server lease print where status=bound

Muda wa kukodi ukiwa saa 1 na last-seen imevuka dakika 30, tia shaka. Kisha hakikisha, lakini si kwa ping ya kawaida (ujumbe wa kupima kama kifaa kinajibu), kwani kompyuta nyingi za Windows huinyamazia. Tumia ARP (njia ya ruta kuuliza ni kifaa gani chenye anwani fulani), maana kifaa kisichojibu ARP hakiwezi kuwasiliana na ruta:

/ping 192.168.88.47 arp-ping=yes interface=bridge count=10

Natuma 10 kwa sababu simu iliyozima kioo inaweza kukosa za mwanzo. Na kuta za matumbawe za mitaa hii ni nene, zinameza mawimbi. Kimya cha mara moja hakitoshi, rudia baada ya dakika chache. Angalia pia kama DHCP yako ina add-arp=yes. Ikiwa nayo, kila aliyekodi huingizwa kwenye jedwali la ARP hata kama hayupo, na jedwali hilo halikufai kwa ushahidi.

Mpangilio wa kiwandani hugawa kuanzia .10 hadi .254, yaani anwani 245. Zinaonekana nyingi, ila simu za Android 10 na iOS 14 kuendelea hubuni anwani ya MAC (namba ambayo ruta hutambulia kifaa) kwa kila jina la Wi-Fi. Ukiipa kila ghorofa jina lake, simu moja itakodi mara kadhaa. Weka jina moja jengo zima, na muda wa saa 1:

/ip dhcp-server set [find] lease-time=1h

Usifute kwa mkono anwani ya mtu bila kumpima. Akiwa bado yupo, ataendelea kuitumia hadi zamu yake ya kuomba upya, na mwingine anaweza kupewa hiyo hiyo. Acha conflict-detection=yes ilivyo; ruta hupima anwani kabla ya kuitoa.

Upungufu wake: kwa kuwa haina Wi-Fi, orodha ya simu zilizounganishwa hewani utaisoma kwenye akses pointi zenyewe, moja moja, kama hazisimamiwi kwa pamoja. Kwa jengo lenye akses pointi nyingi, hiyo ni kazi ya kweli.