Taima ya jikoni kwa mtoto mwenye ADHD: ipi ununue Tanga, na ipi uiache dukani

Kwenye maduka ya vyombo ya Ngamiani, pale penye vikombe vya kupimia unga na chapa za kukatia biskuti, kuna kidude ambacho wapika keki wanakijua na wazazi wengi wanakipita bila kukitazama: taima ya jikoni, saa ndogo inayohesabu dakika na kulia zikiisha. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya ashindwe kutulia na kushika umakini kuliko wenzake, hicho ndicho tunachoshauri kinunuliwe kwanza, kabla ya blanketi zito la kumtuliza mtoto, kabla ya vidonge vya mafuta ya samaki, na mbele kabisa ya vile vibao vya plastiki vinavyozungushwa kidoleni.

Mtoto huyu hakupungukiwa akili, na adabu anayo kama wenzake. Anajua kwamba hesabu zinatakiwa kesho. Kinachomshinda ni kukitenda anachokijua pale pale kinapotakiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, amelisema hili kwa miaka mingi: msaada ukae mahali kazi inapofanyika na wakati inapofanyika, maana mawaidha ya asubuhi hayafiki jioni. Na katika vinavyomponyoka, muda ndio wa kwanza. Ukimwambia "una nusu saa", kwake nusu saa na Idi ijayo viko mbali sawasawa. Taima inautoa muda kichwani na kuuweka mezani.

Madukani utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni ya kuzungusha kwa mkono: ina springi ndani, uso wenye namba za dakika hadi 60, na kengele fupi mwishoni. Ya pili ni ya betri, yenye kioo cha tarakimu na sumaku nyuma, nayo huhesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Kwa mtoto wa chekechea hadi darasa la pili, chukua ya springi bila kusita. Tarakimu 9:42 hazimwambii kitu mtoto ambaye bado anajifunza kusoma saa, lakini alama inayosogea kuelekea sifuri anaiona. Kuna taima za Marekani ziitwazo Time Timer, zenye duara jekundu linalopungua kadiri dakika zinavyokwisha, na ni nzuri. Ila kazi kubwa ya duara lile inafanywa na chupa ya rangi ya kucha: paka nyekundu kutoka 0 hadi 10 kwenye uso wa taima, iache ikauke usiku kucha, na mtoto ataona alama ikila wekundu. Ukikosea mstari, usifute kwa asetoni. Inalainisha plastiki na kuondoka na namba.

Kasoro za taima ya springi zinajulikana, na nyingi zina dawa. Ukiiweka moja kwa moja kwenye dakika 5, springi haijavutwa vya kutosha na kengele inaweza isilie. Zungusha kwanza mpaka ipite 20, kisha rudisha taratibu hadi 5. Mlio wake wa tik-tik unawakera baadhi ya watoto, hasa ikiwekwa juu ya meza tupu ya mbao, ambayo inaukuza kama ngoma. Kunja kanga mara nne, weka taima juu yake, na mlio unapungua sana. Iwe mbele ya macho lakini mkono usiifikie, maana ikifikiwa ndiyo inayokuwa kazi, na hesabu zinasubiri. Usahihi wa dakika kwa dakika usikusumbue, hapa hatuoki mkate wa mayai.

Taima ya betri inamfaa mtoto wa darasa la tatu kwenda juu. Kabla ya kulipa, geuza nyuma uone inatumia betri gani. Yenye betri nyembamba ya AAA, sawa. Yenye betri ya duara ndogo kama kifungo cha shati, tunashauri uiache, isipokuwa kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu. Watoto wenye ADHD hufungua vitu, na wadogo zao humeza vinavyodondoka. Betri ya kifungo ikikwama kooni inaanza kuunguza ndani ya saa 2 tu. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali hapo hapo, hata kama mtoto haonyeshi maumivu. Kasoro nyingine ni kelele: nyingi zinapiga mfululizo mpaka mtu abonyeze. Kipande cha plasta juu ya tundu la spika kinatosha kuipunguza.

Simu ya mama isitumike kama taima. Inafanya kazi vizuri mno, na inaleta pia ujumbe, video na michezo mahali pale pale ulipotaka utulivu.

Sasa matumizi, ambapo watu wengi huharibu. Siku tatu za mwanzo usiwashe chochote. Mtazame tu akifanya kazi ya shule na uandike: alikaa dakika ngapi kabla ya kunyanyuka au kuanza kuchora pembeni? Tuseme 7, 6, 8. Anza na 6, ile ndogo kabisa, ili siku ya kwanza ashinde. Kosa la kawaida ni kuanza na 30 kwa sababu kaka yake anakaa 30. Gawa kazi pia: hesabu 20 zifunikwe kwa karatasi zibaki 5 zinazoonekana. Mpe agizo moja, ukiwa karibu naye, ukimtaja jina, naye alirudie kwa mdomo wake. "Vua viatu, nawa, chukua daftari, kaa, na usimsumbue mdogo wako" ni maagizo matano, na atakalolikumbuka huenda ni la mdogo wake.

Kengele ikilia, dakika 3 za kupumzika, nazo za mwili: kuruka kamba, kubeba ndoo, kukimbia hadi getini na kurudi. Mapumziko nayo yawe na taima. Hapa ndipo mpango hufia kwa familia nyingi: kazi ina kengele, mapumziko hayana, na dakika 3 zinakuwa 40. Akizoea wiki nzima bila kuvunja, ongeza dakika 1 ya kazi. Moja tu.

Kengele peke yake haitoshi, ndiyo maana pamoja na taima tunashauri kete. Kete za bao zinatosha, au vifuniko vya soda ndani ya kopo. Kila kipande kilichokamilika na kukaguliwa, kete moja inaingia koponi papo hapo, ikisindikizwa na neno linalotaja alichofanya: "Umekaa mpaka kengele, na jumla zote umepanga mistari." Kumlipa kwa kasi peke yake kunazaa mwandiko wa kuku na majibu ya kubahatisha, kwa hiyo neno "kukaguliwa" lisidondoke. Kete zibadilishwe jioni hiyo hiyo kwa kitu kidogo: kuchagua mboga ya kesho, dakika 10 za baiskeli, hadithi ya bibi. Ahadi ya baiskeli mpya mwisho wa muhula haifanyi kazi kwa mtoto huyu, kwa sababu ile ile ya nusu saa na Idi. Wiki mbili za kwanza usimnyang'anye kete kwa kosa lolote. Na zawadi zikianza kupoa, jambo litakalotokea mapema kuliko unavyodhani, badilisha orodha, mpango uache ulivyo.

Taima ikigeuzwa fimbo, imekufa. Mzazi anayesema "ikilia hujamaliza utanitambua" amempa mtoto sababu ya kuichukia saa, na wengine huificha au kuivunja.

Kuhusu ratiba ya hapa kwetu: mtoto anatoka shule, anakwenda chuoni, yaani madrasa, anarudi Magharibi, kisha ndipo daftari linafunguliwa, macho yakiwa mazito. Kipande cha kwanza cha kazi kifanywe kabla ya chuo, hata kama ni dakika 6 mara mbili. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na akiupunguza, kesho yake utulivu unapungua zaidi. Na kabla hajakaa, aendeshe baiskeli dakika 20. Tanga ina baiskeli za kutosha, na jambo hili si la kubuni: mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapima watoto 20 wenye ADHD, wa miaka 8 hadi 10, na baada ya dakika 20 za mazoezi walifanya vizuri zaidi kwenye kusoma na hesabu kuliko walipokuwa wamekaa tu wakisoma. Matembezi ya dakika 20 penye miti nayo yalionyesha faida katika utafiti mdogo wa 2009, kwa hiyo bustani ya Jamhuri kule kwenye bandari haimkoseshi masomo.

Kifaa cha pili tunachokisifu hakiuzwi dukani. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu iliyochakaa, kata kipande, kioshe kwa sabuni kitoke ule unga, kisha kifunge kwenye miguu miwili ya mbele ya kiti, kimo cha vifundo vya miguu ya mtoto. Miguu inasukuma na kuvuta mpira bila kelele huku mikono ikiandika. Tyubu yenye viraka itakatika pale penye kiraka. Chagua iliyo nzima.

Vya kuacha dukani sasa. Kibao cha kuzungusha kidoleni kinachukua macho, na macho ndiyo yanayotakiwa kwenye daftari. Blanketi zito lina ushahidi mchache, na mtu aliyelala Tanga mwezi wa Februari hahitaji maelezo zaidi. Mafuta ya samaki yana faida ndogo sana kwenye umakini. Tena kopo linaisha. Sukari haileti ADHD, majaribio yaliyofanywa kwa kuificha na kuibadilisha na vitamu vingine hayakuona tofauti. Rangi za chakula ni habari nyingine: tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi 6 fulani, ikiwemo ya njano iitwayo tatrazini, viwe na onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu wa watoto. Si kila mtoto anaathirika, lakini ule ubuyu mwekundu wa kupimiwa kwa kijiko hauna lebo, na kuupunguza kwa wiki mbili ukaona mabadiliko hakugharimu kitu.

Shuleni taima haifai, kwenye darasa lililojaa itakuwa sinema. Badala yake tumia kadi: nusu ukurasa wa daftari, mistari mitatu kama "alianza kazi alipoambiwa", "alinyoosha mkono", "alimaliza zoezi". Mwalimu aweke vema mara mbili tu, kabla ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani. Vema zinageuka kete nyumbani. Ukimpa mwalimu mistari minane ataijaza kwa siku mbili, kisha ataacha, na ana haki.

Haya yote yanadhani kwamba ni ADHD. Dalili ziwe zimeonekana angalau miezi 6, mahali pawili au zaidi, na zilianza kabla ya miaka 12. Mtoto anayesumbua shuleni tu huenda haoni ubao. Masikio, macho, upungufu wa damu, kukoroma usiku na vipindi vya kuduwaa sekunde chache bila kusikia vikaguliwe kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ni pa kuanzia. Kama daktari ameshampa dawa, taima haizichukulii nafasi. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unaweka mafunzo ya wazazi kwanza kwa watoto wa miaka 4 na 5, na kuanzia 6 unaziweka dawa na mbinu za namna hii pamoja.

Ukifika dukani, usikubali taima iliyofungwa kwenye boksi. Ya springi izungushe ipite 20 kwanza, irudishe hadi dakika 2, usubiri nayo hapo kaunta, usikilize kengele mpaka mwisho. Ikilia mlio mmoja dhaifu, mwombe muuzaji nyingine. Mtoto aliye chumbani na feni imewashwa hataisikia.